Ruzuku ya marehemu mwalimu iliyombeba mdogo wangu pale Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), maoni yangu baada ya miaka mitatu

Naandika hii kwa ajili ya dada na kaka na wazazi wa huku kwetu Mbagala, na wa Gongo la Mboto, Tandale, Manzese na kwingine, ambao mtoto kachaguliwa chuo kikuu, nyumba nzima ikapiga vigelegele, halafu ikifika usiku mtu hulali unapiga hesabu. Mi nimepitia. Nauza samaki wa kukaanga Rangi Tatu, baba yetu alifariki mdogo wangu akiwa form two, na toka hapo ada na daftari na kila kitu cha huyu mtoto ni sufuria langu la mafuta ndo lilitoa.

Kuna mifuko ya ruzuku inayoanzishwa kwa kumbukumbu ya mtu aliyefariki, kusaidia wanafunzi wa vyuo wanaotoka familia za hali ya chini. Watu wengi hawaijui, au wanaijua ile mikubwa tu. Ninaouzungumzia mimi ni mdogo, umeanzishwa na familia moja ya Ilala kwa jina la mama yao aliyekuwa mwalimu wa sekondari miaka mingi. Jina silitaji kwa sababu wenyewe hawapendi kutangazwatangazwa, ila walimu wa sekondari za Temeke na Ilala wengi wanaujua, ukimuuliza mkuu wa shule au mwalimu wa taaluma utaelekezwa. Na nyota zangu niziseme kabisa mapema, nne kati ya tano, na ile moja nitaeleza imekatwa wapi.

Kwanza mtu aelewe kwa nini ruzuku inahitajika wakati mkopo upo. Bodi ya Mikopo imeanzishwa kwa sheria ya 2004 ikaanza kazi Julai 2005, na bila hiyo watoto wa watu kama sisi wangekuwa wachache sana pale chuo, hilo nalisema kwa moyo wote. Dogo alipata mkopo. Hela ya chakula na malazi, ile wanafunzi wanaita bumu, mwaka ule alioingia yeye 2022 ndo ilipandishwa kutoka 8,500 ikawa 10,000 kwa siku. Lakini mkopo unapangwa kwa uhitaji, si kila mtu anapewa ada yote, yeye sehemu ya ada ikabaki kwetu, na mkopo ni deni, akishaajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi mpaka liishe. Tunashukuru ile asilimia 6 iliyokuwa inaongezwa kwenye deni kila mwaka, eti kulinda thamani ya mkopo, ilifutwa 2021. Ila deni linabaki deni.

Ruzuku hairudishwi.

Sasa kitu ambacho sikukijua mpaka kikanikuta ni zile siku za katikati. Mtoto anaripoti chuo, anatakiwa asajiliwe, alipie bima ya afya (sisi tulilipa 50,400), asaini mkopo, hela iingie, yani kila kitu kina foleni yake na utaratibu wake, na wakati huohuo mtoto anakula, analala mahali, anapanda daladala. Dogo hosteli hakupata. Akatafuta chumba Msewe na wenzake wawili na mwenye nyumba wa Dar unamjua, kodi miezi sita mkononi ndo akupe funguo. Halafu yeye anasoma uhandisi wa ujenzi, wiki ya kwanza tu mwalimu kawaambia waje na ubao wa kuchorea, ile rula kubwa ya T, kalkuleta ya sayansi yenye mambo mengi. Nilikuwa nimeweka laki mbili na themanini kwenye kibubu toka mwezi wa sita. Ziliisha siku nne.

Hapo ndo ruzuku ya mwalimu ilipoingia na ndo maana naipa sifa kubwa kuliko ukubwa wa hela yenyewe. Wanatoa laki nne kila semesta, laki nane kwa mwaka. Ukilinganisha na gharama zote za chuo ni ndogo. Lakini inafika mapema. Wenyewe wameiweka iingie zile siku za mwanzo mtoto anaporipoti, wanataka tu barua ya udahili na namba ya simu iliyosajiliwa kwa jina lake. Nakumbuka ilikuwa Alhamisi jioni, mi nipo kwenye karai, mafuta yanachemka, wateja wamesimama, dogo akanipigia.

"Dada, imeingia."

"Nini imeingia?"

"Ya mwalimu."

Nilimwomba jirani anigeuzie samaki nikakaa chini kwenye ndoo. Kesho yake asubuhi kodi ikalipwa, ubao ukanunuliwa, akabaki na nauli. Kungekuwa na laki nane inayofika mwezi wa pili nisingekuwa na la kuandika hapa, maana mwenye chumba angeshakipangisha kwa mtu mwingine na mtoto angekuwa anatoka Mbagala saa kumi alfajiri kila siku kwenda Mlimani, kubadilisha magari mawili matatu na foleni ile, na kurudi saa nne usiku. Nimeona mtoto wa jirani akiishi hivyo mwaka mzima na masomo yakamshinda, na alikuwa na akili kweli.

Kuhusu mifuko mikubwa niseme kidogo ili mtu asipoteze muda. Benki Kuu ina ufadhili wa kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere ulioanzishwa 2009, miaka kumi baada ya kifo chake, na ule unaangalia waliofaulu juu kabisa, masomo ya hesabu, sayansi, uchumi na yanayofanana na hayo. Halafu ilipofika mwaka wa masomo 2022/2023 ikaja Samia Skolashipu kwa waliofanya vizuri sana sayansi form six. Mtoto wako kama ana one ya pointi tatu nne, kimbilia huko usisubiri. Wangu alipata divisheni two ya pointi kumi. Kumi! Pointi moja tu chini yake ni one. Na hiyo two aliipata akisomea kwenye taa ya kuchaji maana umeme tulikuwa tunaununua kwa mafungu, kwa hiyo mi nikisikia mtu anasema ruzuku wapewe wenye one peke yao naumia, kwa sababu two ya nyumba nyingine ina jasho ambalo halionekani kwenye cheti. Huu mfuko wa mwalimu wanachukua hata two, wanaangalia mtoto katoka wapi na anaelekea wapi.

Kabla ya huu tulijaribu mwingine, nao wa kumbukumbu ya marehemu, siutaji. Ule ulitaka picha za nyumba, picha ya jiko, picha ya choo, picha ya kitanda anacholala mama. Tukapiga. Mama yangu alivaa khanga yake mpya akidhani anapigwa picha ya heshima, wakasema avae nguo ya kawaida. Tukatuma. Hawakujibu mpaka leo, si ndiyo si hapana. Picha za chumba cha mama yangu ziko mahali kwa watu nisiowajua na hiyo bado inanikera nikiikumbuka, kwa hiyo dogo alipokuja na habari ya mfuko wa pili mi nilimwambia wazi kwamba safari hii hakuna mtu anaingia na kamera humu ndani.

Fomu nikaisoma mwenyewe. Kurasa nne, ya Kiswahili, bure, hawadai hata mia. (Na hapa nikukamate mkono: mfuko wowote unaokwambia tuma elfu kumi na tano ya fomu kwa namba hii ili tukufungulie faili, huo ni wizi, futa hiyo meseji.) Wanataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA (wale wa serikali wa vyeti vya kuzaliwa na vifo), cheti cha kifo kama mzazi mmoja hayupo, matokeo, barua ya udahili, na barua ya serikali ya mtaa yenye muhuri. Mambo ya kawaida. Ila ukurasa wa mwisho nilikuta swali moja ambalo sikulitegemea kabisa: andika kuhusu mwalimu mmoja aliyekufundisha ambaye hutamsahau, alifanya nini.

Basi. Hakuna eleza umaskini wako, hakuna kwa nini unastahili kuonewa huruma. Dogo akaandika kuhusu mwalimu wake wa fizikia wa form three aliyekuwa anamwachia ufunguo wa darasa jioni asome kwa sababu nyumbani kwetu pamebana. Alivyonisomea nililia, maana mi nilikuwa najua tu mtoto anachelewa kurudi, nilishamgombeza mara nyingi nikidhani yuko vibandani anacheza gemu. Miaka yote ile hakuniambia.

Usaili ulikuwa sebuleni kwao Ilala, sio ofisini. Binti mkubwa wa marehemu, mama mtu mzima mstaafu, na mzee mmoja aliyewahi kusoma kwa marehemu, tukakaa kwenye mkeka, chai ya tangawizi na mihogo. Nilimwamkia shikamoo mama, akaitika marahaba mwanangu karibu, akamuuliza dogo maswali yote yeye na mimi akaniuliza moja tu, kwamba wewe dada, biashara yako akianza chuo itapungua au itabaki vilevile? Ni swali la mtu anayejua maisha. Nikamwambia ukweli, kwamba mtaji wangu nimeshaula mara mbili kwa ajili ya shule yake na nikiula mara ya tatu sinyanyuki. Akaandika kwenye daftari. Kuja nyumbani walikuja, wiki moja baadaye, yule mzee peke yake na bila kamera, akaongea na mjumbe, akamsalimia mama, akaondoka.

Siku ile ndo tukasimuliwa mfuko ulivyoanza. Marehemu alipofariki walikuja wanafunzi wake wa miaka yote, wengine watu wakubwa wana magari, wengine wauza mitumba Ilala palepale, na kila mtu katoa rambirambi. Baada ya mazishi wakakuta hela imebaki nyingi. Arobaini ilipofika wakakaa kikao cha familia, wengine wanataka kaburi lijengewe kwa marumaru, huyu binti mkubwa akasema mama hakuwahi kutaka marumaru hata sakafuni kwake, alikuwa analipia watoto wa watu ada kimyakimya na sisi tukila dagaa. Ndo rambirambi ikawa mbegu, na wale wanafunzi wake wa zamani mpaka leo wanachanga kila mwezi kila mtu anachoweza, wapo wa elfu tano na wapo wa laki. Wanaiita sadaka yake inayoendelea. Kwa hiyo ukipokea ile laki nne unajua kabisa humo ndani kuna elfu tano ya muuza mitumba, na mtu mwenye akili timamu hawezi kuichezea.

Masharti yao ni mawili. La kwanza matokeo ya kila semesta uyapeleke, ukiwa na sapu, yani somo umefeli unarudia mtihani, sio kwamba wanakukata hapohapo, wanakuita mnazungumza. Dogo alipata sapu ya hesabu mwaka wa kwanza na alienda Ilala miguu inatetemeka, mama akamuuliza unalala saa ngapi, akamtafutia kijana wa mwaka wa nne wa kumfundisha, akaifuta. La pili, Jumamosi mbili kila semesta unaenda kufundisha tuisheni bure kwa watoto wa sekondari wanazopanga wao. Hili la pili mwanzoni sikulipenda. Nikaona mtoto ana mzigo wa uhandisi, michoro mpaka saa nane usiku, tena wanamtoa Jumamosi. Nilibadilika nilipoenda kumpelekea chaja aliyoisahau, nikamkuta mbele ya darasa la watoto kama hamsini Temeke, chaki mkononi, anaelezea mambo ya nguvu na mwendo kwa mfano wa daladala inayofunga breki ghafla Mtongani, watoto wanacheka na wanaandika. Nikasimama dirishani mpaka akamaliza. Chaja nilimpa nje.

Sasa ile nyota moja.

Tangazo lao halifiki. Mwaka ule wetu dirisha la maombi lilikuwa siku kumi na moja tu, na karatasi ilibandikwa kwenye mbao za shule chache, wakati form six wakishamaliza mitihani mwezi wa tano nani anarudi shuleni kusoma ubao? Sisi tulijua kwa sababu mwalimu wa fizikia, yuleyule wa ufunguo, alipiga simu. Mtoto ambaye hana mwalimu wa kumpigia simu anakosa, na huyo ndo anayehitaji kuliko wote. Sio lazima watangaze redioni kama hawapendi makuu, wapeleke hata kwenye ofisi za serikali za mitaa, wapeleke steshenari zile ambazo watoto wote wanakwenda kujaza fomu za mkopo, karatasi moja ukutani inatosha, na wafungue mwezi mzima.

Pia laptopu hawagusi. Mwanafunzi wa uhandisi programu za kuchorea anazitumia kila siku na dogo mwaka wa pili wote alikuwa anaazima, anasubiri mwenzake alale ndo yeye afanye kazi. Wangeweza hata kuwa na mbili tatu za kuazimisha, anayemaliza anamwachia anayeingia.

Lakini kubwa kuliko yote, na hili ndo limenifanya nikae kuandika, ni kwamba wanalipa miaka mitatu. Mwisho. Ukisoma ualimu au biashara miaka mitatu inakutosha, unavaa joho unashukuru. Uhandisi pale Mlimani ni miaka minne. Udaktari pale Muhimbili ni mitano. Hivyo mtoto aliyechagua kozi ndefu anaachwa mwaka wa mwisho, mwaka ambao una projekti, una kuchapisha na kujalidi, na katikati umeshatoka kwenye fildi, yani mazoezi ya kazi, ya wiki nane ambayo nauli ni yako, kama mwaka jana alivyopangiwa saiti Mjimwema akawa anatoka hapa nyumbani anapitia Kongowe kila siku asubuhi na buti zake begani. Nilimuuliza yule mzee kwa nini mitatu, akanijibu vizuri tu, kwamba walipoanza wengi walikuwa wanasomea ualimu kama marehemu, hawakufikiria wengine. Naelewa. Ila sasa wanao watoto wa kozi ndefu, na sheria waliyojiwekea wenyewe sebuleni wanaweza kuibadilisha sebuleni.

Kwa anayetaka kuomba mwaka huu, usisubiri tangazo ndo uanze kukimbizana. Matokeo ya form six mara nyingi yanatoka mwezi wa saba. Kabla ya hapo uwe umeshahakiki cheti cha kuzaliwa RITA, inafanyika onlaini unapewa kontrol namba unalipia, na kama jina la cheti na jina la shule vinatofautiana hata herufi moja rekebisha sasa hivi, sisi dogo alikuwa Ramadhani kwenye cheti na Ramadhan shuleni na ile i ilitugharimu siku sita. Cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Barua ya mtaa nenda asubuhi mapema siku ambayo sio Jumatatu. Skani kila kitu kwa pamoja, weka kwenye imeili ya mtoto na kwenye simu yako pia, maana hizohizo karatasi ndo utazitumia kwenye mkopo na kwenye kila mfuko mwingine. Na ile insha ya mwalimu mwache aandike mwenyewe, msimwandikie, yule mama alisoma insha za wanafunzi maisha yake yote kupitia kwa mama yake, anajua mara moja maneno ya mtu mzima.

Mi nimeandika barua. Dogo amenisaidia kuipanga ila maneno ni yangu, nimeomba mwaka wa nne, sio kwa ajili yake peke yake, nimetaja kwamba kundi lao lina wasichana wawili, mmoja yuko Muhimbili mwaka wa pili na mwingine Chuo Kikuu Ardhi anasomea usanifu majengo, wote itawakuta. Niliipeleka mwenyewe Ilala Jumatatu iliyopita na samaki watano nimewafunga kwenye gazeti. Mama aliisoma palepale barazani miwani ikiwa puani, akaikunja, akasema hili sio la kujibu mimi, nitaliweka mbele ya wote siku ya hitma. Hitma ni mwisho wa mwezi huu. Nimeshaomba nafasi ya kwenda kusaidia kupika.